Reti za ardhi: ufa wa ukuta si hoja, ufa wa ardhi ni hoja

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu. Nina ploti ya hamsini kwa mia huko Kiamunyi, Nakuru, na nyumba niliyoijenga mwaka 1994. Katika rasimu ya daftari jipya la uthamini, ploti yangu imeandikiwa shilingi milioni 4. Nyumba yenyewe haifiki bei hiyo hata kwa ndoto: paa linavuja, ukuta wa jikoni una ufa, na wapangaji wa vyumba vya nyuma wamehama. Kijana mmoja anayeshinda nje ya ofisi za ardhi anasema nikimpa elfu 30 atanishushia hadi milioni 3. Mimi nataka kujitetea mwenyewe. Nianze na picha za nyumba?

JIBU: Mwalimu, picha za nyumba ziache kwenye simu. Unaweza kujitetea mwenyewe, na sheria inakuruhusu, lakini si kwa paa wala kwa ukuta.

Karibu kila mwenye nyumba anayenijia na malalamiko ya reti, yaani kodi ya ardhi inayotozwa na kaunti, huja na bahasha ya picha za mabati yenye kutu. Inaniuma kila mara, kwa sababu muda wa kupinga ni mfupi na mtu ameutumia wote kukusanya ushahidi ambao hakuna atakayeutazama. Katika miji yetu mingi reti hutozwa juu ya thamani ya ardhi tupu. Sheria iliyotuongoza kwa miongo mingi, Sura ya 266 ya Sheria za Kenya, ilimtaka mthamini akadirie bei ambayo ardhi ingepata sokoni kana kwamba hakuna kilichowahi kujengwa juu yake, ndani yake wala chini yake. Nyumba yako, iwe kasri au kibanda, haimo kwenye hesabu hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo, jirani aliyejenga ghorofa nne kwenye ploti sawa na yako atakuwa na thamani sawa na yako. Watu hulikasirikia sana jambo hili na kusema kaunti imependelea matajiri. Hapana. Ndivyo kodi yenyewe ilivyoundwa, na ukisimama mbele ya jopo linalosikiliza mapingamizi ukilalamikia ghorofa za jirani umepoteza nafasi yako ya kusikilizwa.

Mwaka 2024 tulipata sheria mpya ya kitaifa ya reti iliyochukua nafasi ya Sura ya 266 na mwenzake, Sura ya 267. Inatambua njia zaidi ya moja ya kutoza, kwa hiyo soma tangazo la kaunti uone imetumia ipi. Ikiwa ni thamani ya ardhi bila maendelezo, yote ninayokueleza hapa yanakuhusu.

Sasa ule ufa. Nenda nje ukautazame unaanzia wapi. Ukiwa ni ufa wa ukuta tu, huo ni shida ya fundi. Lakini upande wa magharibi wa mji wa Nakuru ardhi yenyewe hupasuka na kutitia mvua kubwa zinaponyesha, kwa kuwa mji umekaa juu ya nyufa za Bonde la Ufa na udongo wa majivu ya volkano. Kama mpasuko unapita uani, unavuka ploti na kuingia kwa jirani, basi umepata hoja nzito kuliko zote, maana hiyo ni kasoro ya ardhi, na ingekuwepo hata kama hujawahi kuweka tofali. Upige picha huo. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye ploti Mwariki ambaye maji ya Ziwa Nakuru yamemfikia, au mtu wa Nyamasaria kule Kisumu ambaye mto ukifurika hupita kwake. Nyaya za umeme mkubwa zinazokata ploti katikati, akiba ya barabara (ardhi iliyotengewa barabara) inayomega mbele, ploti isiyo na njia ya gari, vyote hivyo ni vya ardhi na vinahesabika.

Kabla ya hapo, hata hivyo, angalia ukubwa. Wengi hawaangalii, na hapa ndipo makosa ya wazi kabisa hupatikana. Kwa mazungumzo tunaita hamsini kwa mia "nane ya ekari", yaani sehemu moja ya nane, lakini si kweli: hamsini kwa mia kwa futi ni kama hekta 0.0465, na nane ya ekari ni hekta 0.0506. Tofauti ni asilimia 8 hivi. Ikiwa daftari limekuandikia nane kamili, kwenye milioni 4 hiyo ni zaidi ya shilingi 300,000 za ardhi usiyo nayo. Toa hatimiliki, fanya sachi rasmi (upekuzi wa rekodi kwenye ofisi ya ardhi), linganisha namba ya ploti, ukubwa, jina na matumizi yaliyoandikwa. Ploti ya makazi iliyoandikwa kuwa ya biashara itapandishwa thamani bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Kisha linganisha na majirani. Daftari la uthamini si siri. Huwekwa wazi ili likaguliwe. Chukua daftari lako la shule, mwalimu, uandike ploti kadhaa za mtaa wenu, ukubwa wa kila moja na thamani yake, halafu gawanya upate bei kwa kila mita mraba. Kama majirani wenye barabara na ardhi kama yako wameandikiwa milioni 3 na wewe milioni 4, jedwali hilo la ukurasa mmoja lina nguvu kuliko hotuba ya saa nzima. Mikataba ya mauzo ya ploti tupu ya karibu na tarehe ya uthamini ni ushahidi mzuri vilevile. Bei za mabango ya madalali si ushahidi: hiyo ni bei anayoitamani muuzaji, na kuna mabango yaliyochakaa na jua ploti ikiwa bado haijauzwa.

Pingamizi huandikwa, kwa fomu iliyoelezwa kwenye tangazo, likitaja namba ya ploti na sababu zako, na kupelekwa kabla ya siku ya mwisho. Chini ya Sura ya 266 muda ulikuwa siku 28 tangu tangazo kuchapishwa. Wewe fuata tarehe iliyo kwenye tangazo lenu, wala usisikilize mtu anayekwambia "bado kuna muda". Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Kupiga kelele kwenye baraza, kumpigia simu MCA (mwakilishi wa wadi), au kutia saini ombi la mtaa mzima lisilotaja ploti yako si pingamizi. Asiyewasilisha pingamizi lake hana cha kutetea siku ya kusikilizwa.

Nikuombe pia utenganishe thamani na reti. Thamani ikipanda mara kumi haina maana utalipa mara kumi, kwa kuwa kaunti huizidisha kwa asilimia inayopangwa upya. Nairobi ilitumia daftari la 1982 kwa miaka na miaka, na kiwango kikafika asilimia 34 ya zile thamani za zamani. Lilipokuja daftari jipya kiwango kilishuka hadi asilimia 0.115. Tuseme kaunti yenu ichague kiwango kama hicho: milioni 4 itakutoza shilingi 4,600 kwa mwaka, milioni 3 itakutoza 3,450. Tofauti ni 1,150. Zile elfu 30 za yule kijana zingekuchukua miaka 26 kuzirudisha, na hapo nimechukulia kwamba atafanya kazi aliyoahidi.

Hataifanya. Hana uwezo wa kuifanya kihalali, kwa sababu thamani hubadilishwa kwa uamuzi wa pingamizi, si kwa mtu aliye "ndani". Watu wa namna yake wako nje ya kila ofisi ya ardhi kuanzia Nakuru hadi Kisumu, Kakamega na Bungoma, na ujanja wao unafanana. Mmoja huchukua pesa na kupotea. Mwingine huchukua nakala ya kitambulisho na hatimiliki, na hiyo ni hatari kubwa kuliko reti zote utakazowahi kulipa. Wa tatu hukuletea karatasi inayosema hudaiwi kitu. Utafurahi nayo hadi siku wewe au watoto wako mtakapotaka kuuza au kuhamisha ploti, mthibitishe kwa kaunti kwamba reti zimelipwa, na mkute deni lote liko palepale pamoja na riba ya miaka. Wengine hutumia matangazo ya kaunti ya kusamehe riba na kudai ni kazi yao. Msamaha huo hutolewa kwa kila mdaiwa, bure, na haugusi thamani ya ploti.

Pingamizi likiwa linasubiri kusikilizwa, endelea kulipa reti unazodaiwa, ulipe kwa njia rasmi za kaunti na utunze risiti. Na ukiona kesi yako ina mambo ya kitaalamu, kama ule mpasuko wa ardhi, mlipe mthamini halali akuandikie ripoti. Wathamini husajiliwa chini ya Sura ya 532 na bodi yao ina orodha. Mwombe namba ya usajili, uitafute kwenye orodha hiyo, na isipokuwepo usimpe hata nakala ya hati yako.