Nilishinda Mdahalo wa Utoaji Mimba, Kisha Nikapangiwa Dirishani

Juma lililopita mwanafunzi wa mwaka wa pili wa famasia alinitumia ujumbe mrefu. Yuko kwenye mafunzo kwa vitendo katika duka la dawa, amejiwa na binti anayetaka misoprostol, dawa inayoweza kutoa mimba, bila cheti cha daktari, naye akamwambia arudi kesho ili apate muda wa kuuliza. Alitaka kujua mimi ningefanya nini. Nimeona nimjibu hapa, kwa kuwa nilipokuwa mahali pake swali hilo nililikosea, na kwa kuwa wengi mnaonisoma mnalitamani koti jeupe kama nilivyolitamani mimi.

Nianze na nilichokuwa nikijivunia. Darasa letu lilipofanya mdahalo kuhusu utoaji mimba, niliongoza upande wa kupinga, na nilikuwa nimejiandaa barabara. Nilisoma Kanuni ya Adhabu ya Tanzania: kifungu cha 150 kinachompa anayejaribu kutoa mimba ya mwanamke kinyume cha sheria kifungo cha hadi miaka 14, cha 151 kinachompa mwanamke mwenyewe hadi miaka 7, na cha 152 kinachotugusa sisi wa dawa, hadi miaka 3 kwa kumpatia mtu kitu chochote ukijua kitatumika kuharibu mimba kinyume cha sheria. Nikamalizia kwa Yeremia sura ya kwanza, pale Mungu anapomwambia nabii kwamba alimjua kabla hajamuumba tumboni, na makofi yakarindima. Mama yangu, mwanakwaya wa siku nyingi, nilimpigia simu usiku uleule.

Imani ile sijaiacha. Bado naamini mimba ni uhai ulioanza, na bado sitampa mtu dawa hiyo bila cheti.

Miezi michache baadaye nilipangiwa famasi moja pembezoni mwa Dar es Salaam. Jioni moja, umeme umekatika na mfamasia amekwenda kuswali, alikuja binti wa rika langu, akasukuma chini ya wavu noti ya elfu kumi iliyokunjwa mara nne pamoja na kipande cha karatasi ya daftari. Kilikuwa kimeandikwa "misoprosto", bila herufi ya mwisho. Nilipouliza cheti, akasema ni dawa ya shangazi yake mwenye vidonda vya tumbo. Uongo huo alikuwa amefundishwa na mtu anayejua, maana dawa hiyo kweli iliingia sokoni kwa ajili ya vidonda vya tumbo, ingawa leo wodi za wazazi huitegemea kuzuia mama asitokwe na damu nyingi baada ya kujifungua. Nilikataa, na mpaka hapo sikuwa na kosa. Dakika kumi zilizofuata nilizitumia kumhubiria: nilimweleza dhambi, nikamweleza jela, tena kwa sauti iliyomfikia mama aliyekuwa nyuma yake akisubiri dawa ya mafua ya mtoto. Binti aliondoka akasahau noti yake, ikabidi nimkimbilie nayo mpaka barabarani. Nilimrudishia, nikageuka.

Siku tisa baadaye alirudi na shangazi yake, safari hii akiwa na cheti cha hospitali cha antibiotiki na vidonge vya kuongeza damu. Midomo ilikuwa imempauka. Shangazi alipotoka kununua maji, binti alinieleza kwamba alinunua vidonge vinne kwa mtu, vimefungwa kwenye gazeti, akatokwa na damu siku tano kabla ya kuthubutu kusema nyumbani. Kisha akaniambia, wala hakuwa na hasira, "Dada, siku ile ulisema mengi, ila hukuniambia niende wapi."

Maneno hayo yananiuma mpaka leo, kwa sababu nilikuwa najua. Nilijua kwamba misoprostol ikishatolewa kwenye karatasi yake ya alumini huharibiwa na unyevu, hivyo vidonge vya kwenye gazeti havijulikani vina nguvu gani. Nilijua kwamba mimba iliyotunga nje ya kizazi haitoki kwa dawa hiyo, na kwamba mrija unaweza kupasuka damu ikavujia tumboni. Nilijua kifungu cha 230 kinamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa uhai wa mama, na kwamba hospitali humtibu mwanamke ambaye mimba imeharibika, iwe imeharibika yenyewe au imeharibiwa. Yote hayo nilikuwa nimeyafaulu kwenye mtihani.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kataa kwa sauti ya chini. Muulize hedhi yake ya mwisho, maana wengine huja na hofu tu, hata kipimo cha mkojo hawajafanya. Kama hazijapita saa 72 tangu walipokutana, P2, yaani vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, bado inaweza kumsaidia: huchelewesha yai kupevuka, wala haiharibu mimba iliyokwisha kutunga. Wenzetu wanaoinyima kwa kudhani ni dawa ya kutoa mimba wasisingizie imani, warudi wakasome. Mwambie pia kwamba akilowesha pedi mbili kwa saa moja kwa muda wa saa mbili mfululizo, akipata homa, uchafu wenye harufu au maumivu ya bega, aende hospitali siku hiyohiyo, na mtajie hospitali ipi.

Nilipoyasema haya darasani, mmoja wa tuliokuwa upande mmoja kwenye mdahalo aliandika kwenye kundi letu kwamba nimenunuliwa. Sijanunuliwa. Ila nikiri kwamba wanaotaja Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika kuhusu haki za wanawake, ambayo Tanzania iliiridhia mwaka 2007 na ambayo inataka mwanamke aliyebakwa aruhusiwe kutoa mimba kwa njia ya kitabibu, sina tena jibu la haraka la kuwapa, na ninyi mlio na jibu la haraka nawaomba mkasimame dirishani kwanza, mwezi mmoja tu, muone kama litabaki mdomoni.

Nilimwandikia mwanafunzi yule haya kwa ufupi usiku uleule. Asubuhi alijibu kwamba binti hajarudi, na kwamba jina lake hakuliuliza.