Kabla ya Kuchagua Seli, Ulizeni Mionzi Ilipita Wapi

Watafiti wapya wanaojiunga nasi katika kazi ya seli shina, yaani seli zinazoweza kuzaa seli nyingine za mwili, huuliza kwanza ni seli zipi zinazomfaa mtu aliyeumizwa na mionzi. Mimi huwarudisha nyuma kidogo: mionzi ilipita wapi mwilini mwake, na kwa kiasi gani? Asiyejua hilo hawezi kujua kama seli zitasaidia.

Someni kwa makini yaliyotokea baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ya Aprili 1986. Wagonjwa 13 waliokadiriwa kupata kati ya grei (kizio cha kupimia mionzi iliyofyonzwa na mwili) 5.6 na 13.4 walipandikizwa uboho wa watu wengine, na wawili tu ndio walionusurika. Hata hao wawili hawakuokolewa na uboho wa kigeni, kwani uboho wao wenyewe ulifufuka na kuanza tena kutengeneza damu. Wengine waliuawa na majeraha ya ngozi, mapafu yaliyoharibika, na wengine na upandikizaji wenyewe, pale seli za mtoaji zilipoushambulia mwili uliozipokea. Ni nadra ajali kuupiga mwili mzima kwa usawa. Mfupa uliokingwa na ukuta au na mkao wa mtu huweza kubaki na seli shina hai za kutosha. Ndiyo maana siku za mwanzo tunahesabu limfosaiti (aina ya seli nyeupe za damu) mara kwa mara na kuchunguza kromosomu zilizovunjika ili kukadiria mionzi iliyopokelewa, tunatoa dawa za kuchochea uboho kama filgrastim, na tunasubiri. Kusubiri huko ni kugumu kuliko kupandikiza, hasa ndugu wa mgonjwa wanapokuwa mlangoni.

Jeraha la sehemu moja ni habari nyingine. Mwaka 2005 mfanyakazi mmoja nchini Chile aliokota chanzo cha iridiamu-192, metali inayotoa mionzi, na kukitia katika mfuko wa nyuma wa suruali. Madaktari wa hospitali ya kijeshi ya Percy, Ufaransa, walikata nyama iliyokufa wakifuata ramani ya kipimo cha mionzi, wakaziba kidonda kwa ngozi yake, kisha wakadunga seli shina za mesenkaima (zile za tishu unganishi, si za kutengeneza damu) zilizokuzwa kutoka kwenye uboho wake. Msidhani seli hizo ziligeuka kuwa ngozi. Kwa tunavyoelewa, nyingi hazidumu. Kazi yake kubwa ni kutoa protini zinazotuliza uvimbe na kuamsha mishipa midogo ya damu, na bila upasuaji ule zingedungwa kwenye nyama mfu.

Kwa hiyo uboho wa mgonjwa mwenyewe uchukuliwe mapema, kutoka mfupa usioguswa na mionzi, kwa sababu kukuza seli huchukua wiki kadhaa, na jeraha la mionzi, hata likionekana limefunga, huweza kufumuka tena baada ya miezi au miaka.