Tofali la dhahabu la mita moja, utaliweka wapi?

SWALI: Habari kaka. Sisi huku Mbagala tuna kijiwe chetu cha kahawa na juzi tulibishana mpaka saa nne usiku. Mmoja alisema hivi, ukipewa bure tofali la dhahabu tupu, mita moja kila upande, ila sharti ulichukue zima na ukae nalo kwako mwaka mzima bila kulikata, unachukua au unaacha? Karibu wote tukasema tunachukua, mimi nikasema ntaliweka chini ya kitanda watu wakacheka. Mzee mmoja tu ndo alikataa, akasema litamuua. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Mzee wenu anajua kitu. Uvungu wa kitanda sahau, na sio kwasababu ya urefu. Maji ya mita moja kila upande ni tani 1, ndo ile simtanki ya lita elfu moja ikijaa. Dhahabu ni nzito kuliko maji mara 19 na kidogo, kwahiyo tofali lenu lina tani 19.3. Yaani chukua simtanki 19 zimejaa, zipange moja juu ya nyingine, afu zote zikalie pale pale ilipokaa ile ya chini. Au chukua tofali la kawaida la inchi sita, hili la mchanga na saruji ambalo saidia fundi analibeba begani huku anapiga stori, ukilifanya la dhahabu linagonga kilo 300.

Sasa tuseme limetokea Geita, linafikaje Mbagala? Kirikuu usiiguse, Fuso nayo itapinda chesisi. Unataka semi, na ukisikia semi inabeba mpaka tani 28 usidhani umemaliza, maana hizo ni tani za mzigo uliotandazwa sakafu nzima, mifuko ya saruji mfano, wewe wako wote umekaa kwenye mita moja ya mraba. Lazima ulaze boriti ndefu za chuma chini yake zigawe uzito kwenye ekseli kadhaa, la sivyo ukifika mizani ya Vigwaza utakwama hata kama gari zima liko chini ya tani 56 zinazoruhusiwa, wale wanapima ekseli pia.

Kulishusha ndo kazi yenyewe. Halina sikio, halina tundu la kuingiza ndoano, ni boksi laini kila upande. Ukilitua chini bila kuacha magogo mawili katikati basi imekula kwako, hakuna pa kupitisha mkanda wa kreni tena. Na usifunge mnyororo, dhahabu tupu ni laini, mnyororo utakwangua kona, na ule unga unaobaki kwenye mnyororo unaondoka na mwenye kreni.

Hapa naongea kwa uchungu kidogo maana mjomba wangu aliwahi kununua mashine kuukuu ya kukereza vyuma, haikufika hata tani moja, na tulipoishusha getini ndo tukagundua mlango wa karakana ni mwembamba kwa vidole vinne. Tulilaza mabomba ya inchi mbili chini, watu sita tunasukuma, bomba likibaki nyuma unalikimbiza mbele, hivyo hivyo mpaka ukutani. Ukuta haukuvunjwa mwaka ule. Mvua za masika zikaja, kona moja ya mashine ikaanza kuzama kwenye udongo taratibu, kuku wakapanda juu wakafanya ndo kwao, na mjomba kila asubuhi anapita na chai yake anaiangalia tu. Sasa hiyo ni tani moja kasoro. Wewe una 19.

Kwahiyo ushauri wangu, msingi kwanza, tofali baadae, nyumba mwisho. Jamvi la nyumba zetu hizi ni zege la inchi nne juu ya mawe na kifusi, linabeba kabati, friji na wageni wa msiba, halijapigiwa hesabu ya tani 19 sehemu moja. Chimba mpaka ukute udongo mgumu, suka nondo, mwaga zege pana kuliko tofali ili uzito usambae, subiri siku 28 likomae, ndo ulete mzigo. Afu jenga chumba kulizunguka. Ghorofani usithubutu hata kuwaza. Na sio kwamba nakutisha, kwenye jumba la makumbusho la New York kuna kipande cha kimondo cha Cape York, yaani chuma kilichodondoka toka angani, tani 31, nguzo zinazokibeba zinapita chini kabisa ya jengo mpaka kwenye mwamba.

Wizi? Ajabu ni kwamba hapo ndo utalala usingizi. Tani 19 hazibebwi na vibaka. Kinachoibiwa ni cha saizi ya kati, kama ile sarafu ya dhahabu ya kilo 100 iliyokuwa makumbusho ya Bode pale Berlin, Machi 2017 jamaa waliingia dirishani kwa ngazi, wakaitoa, wakaisukuma na toroli ya ujenzi kandokando ya reli na mpaka leo haijaonekana. Toroli tu! Kwako watakachofanya ni kuja na tindo usiku na kumega kona.

Kitu ambacho hamkukiuliza pale kijiweni ni hiki, nani amewahakikishia katikati ni dhahabu? Kuna chuma kinaitwa tungsteni, kina uzito karibu sawa kabisa na dhahabu, 19.25 kwa 19.3. Ukijaza tungsteni ndani ukapaka dhahabu nje, mzani hauoni kitu, rula haioni kitu, na tindi kali ya sonara inapima ngozi tu. Utapeli huu upo kwenye vipande vidogo, sembuse huo mlima. Sauti ndo inaumbua, inapita kwenye tungsteni kwa kasi zaidi kuliko kwenye dhahabu, kwahiyo ni mashine ya mawimbi ya sauti, au kutoboa kwa keekee mpaka katikati. Ila kutoboa sharti limekataza, si ndio?

Alafu kuna umiliki. Hapa kwetu madini ni mali ya Jamhuri, na ukikutwa nayo bila leseni maelezo utayatolea kwingine, sio kijiweni. Marekani kuna bwana anaitwa Ellis Hughes, mwaka 1902 aliona kimondo cha chuma cha karibu tani 14 kwenye shamba la kampuni moja kule Oregon, 1903 akakiburuza na farasi mmoja na mwanae juu ya mkokoteni wa magogo, zaidi ya kilomita moja, miezi mitatu, mpaka kwake. Akajenga kibanda, akawa anatoza senti 25 kukiona. Kampuni ikashtaki, 1905 mahakama ikasema ni cha mwenye ardhi kilipotoka. Miezi mitatu ya jasho bro.

Mimi ningechukua, sisemi uongo. Wakia, kile kipimo cha dhahabu cha kama gramu 31, ikiwa dola 2,000 tu hilo tofali linazidi dola bilioni 1.2. Ila ningeomba waniachie hapo hapo Geita, nihamie mimi.

SWALI: Kaka kwanini kimondo chetu cha Mbozi hakipelekwi Dar watu wengi wakione? (Vwawa)

JIBU: Umesoma jibu la juu? Kile ni chuma kwa asilimia kama 90, kilichobaki nikeli nyingi, urefu mita 3, makadirio yake ni tani 12 mpaka 16. Mwaka 1930 wataalamu walitaka kipande cha sentimita 10 tu cha kupimia, msumeno wa chuma ukawala kama masaa 10. Baadae walichimba mtaro kukizunguka wakakijengea kitako cha zege pale pale kilipoangukia. Nauli ya basi mpaka Mbozi ni rahisi kuliko kukodi lobedi, lile tela la chini la mizigo mizito, wao ndo waje huko.