Soya mbili, protini asilimia 40 zote, lakini tofu hazifanani: sababu ni hizi

Mkuu, umeuliza kwa nini soya mbili zilizoandikwa protini asilimia 40, moja inatoa tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa kama jibini, inayokatika safi kwa kisu na nyingine inamomonyoka. Hiyo 40 inakwambia protini ni kiasi gani tu. Ni protini zipi, haisemi.

Karibu asilimia 70 ya protini ya soya ni za akiba, zile mbegu inazojiwekea kwa ajili ya kuota, aina mbili: glisinini, ambayo maabara huiita 11S, na beta-konglisinini, yaani 7S. Glisinini ina salfa nyingi zaidi. Joto likishaifungua, molekuli zake hushikana kwa vifungo vya salfa na tofu inakuwa ngumu. Ya 7S hutoa tofu laini, na methionini yake, kijenzi cha protini chenye salfa ambacho kuku huhitaji, ni kidogo, jambo linalomgusa pia anayetengeneza chakula cha kuku. Uwiano wa hizi mbili hutegemea sana aina ya mbegu.

Udongo nao una mkono wake. Salfa ikipungua shambani, mmea hujaza punje kwa sehemu ya 7S iitwayo beta, ambayo karibu haina salfa. Ukimwaga naitrojeni nyingi bila salfa, asilimia ya protini inaweza kupanda huku ubora wake ukishuka. Kwangu mimi, hili ndilo kosa linalodharauliwa kuliko yote.

Halafu hakikisha hizo 40 mbili zimepimwa sawa. Maabara hupima naitrojeni iliyomo kwenye soya kisha huizidisha ili kukadiria protini, nyingi kwa 6.25, nyingine kwa 5.71. Soya inayosoma 40 kwa njia ya kwanza itasoma 36.5 kwa ya pili. Unyevu pia: 36 kwenye soya yenye unyevu wa asilimia 13 ni 41.4 ukihesabu soya kavu kabisa.

Kuzilinganisha mwenyewe, chukua gramu 200 za kila moja. Loweka saa 10, mwaga maji, saga na lita 1.4 ya maji safi, chuja. Chemsha dakika 10 ukikoroga. Hapa wengi huharibu: povu hupanda kabla maziwa hayajachemka, mtu anaepua. 7S hufunguka kwenye nyuzi 70 na kitu, lakini glisinini inataka karibu 90, kwa hiyo mbegu nzuri itaonekana mbovu. Yakishuka hadi nyuzi 75, tia gramu 5 za jasi ya chakula (kalsiamu salfeti, ya kugandisha maziwa) iliyokorogwa kwenye maji kidogo, funika dakika 20, kisha kandamiza nusu saa kwa uzito uleule kwa zote mbili. Pima uzito wa tofu, bonyeza kwa kidole, kata.

Tumia soya za msimu mmoja. Iliyokaa ghalani kwenye joto na unyevu, protini yake haiyeyuki vizuri tena, na maziwa hutoka mepesi hata kama mbegu ni bora. Ukitaka uwiano kamili wa 11S na 7S, omba maabara ikufanyie elektroforesi, kipimo kinachotenganisha protini moja moja kwa umeme. Kipimo cha naitrojeni hakitakuonyesha kamwe.