Fundi Anajibu: Tarumbeta kuukuu, usianze na kung'arisha

Bwana asifiwe. Bendi ya usharika wetu huku Machame imepokea matarumbeta manne yaliyotumika kutoka Ujerumani. Mawili yana pistoni za kubonyeza, mawili yana vali za kuzunguka. Yote yamekuwa meusi na ni mazito kupuliza. Vijana wanataka kuyapaka Brasso wiki hii hii. Tuanzie wapi? – Kiongozi wa bendi

Wazuie vijana kwanza, ndugu kiongozi. Weusi wa nje hauzuii sauti. Kinachozuia ni uchafu wa ndani na hewa inayovuja.

Kwa yale yenye pistoni, chomoa pistoni moja moja na kuzipanga kwa mfuatano. Kila moja imeandikwa 1, 2 au 3, na haikai kwenye silinda ya mwenzake. Ukizichanganya, matundu hayakutani na pumzi haipiti. Vua slaidi zote (yale mabomba yanayovutwa), tandika taulo ndani ya beseni, kisha loweka mwili wa tarumbeta nusu saa katika maji ya vuguvugu yenye sabuni ya kuoshea vyombo. Maji ya moto hubandua vanishi. Pitisha brashi ndefu inayopinda ndani ya kila bomba, na usimalize haraka kwenye bomba la kwanza, lile linalopokea kipulizio, yaani kipande cha mdomoni: hapo ndipo mate na mabaki ya chakula huganda, na hapo ndipo uzito mwingi wa kupuliza hutokea. Pistoni zioshe kwa mkono bila kulowesha vile vipande vya sufi vya juu.

Ukishasuuza na kukausha, dondoshea kila pistoni matone matatu hadi matano ya mafuta yake maalumu. Slaidi zipake grisi. Mafuta ya mgando yanatosha. Mafuta ya kupikia usiyaguse, maana baada ya muda huwa gundi. Brasso wala msasa visiikaribie pistoni hata siku moja. Nafasi kati ya pistoni na silinda hupimwa kwa sehemu za mia za milimita, na ukishaipanua huwezi kuirudisha.

Yale ya vali za kuzunguka msiyafungue nyumbani. Kutoa vali hiyo kunahitaji kugonga mhimili wake kwa nyundo ya ngozi au mbao, na pigo moja la pembeni huupinda. Suuzeni kwa maji kupitia mabomba, kausheni, kisha tieni tone la mafuta nyuma chini ya kifuniko na jingine mbele mhimili unapotokea.

Sasa pima uvujaji kwenye yale ya pistoni. Bila kubonyeza kitu, vuta slaidi ya pistoni ya kwanza sentimita 2, subiri sekunde tano, halafu bonyeza pistoni ya kwanza. Ukisikia "po!", hewa haivuji. Kukiwa kimya, tia mafuta mazito kidogo ya pistoni urudie. Mlio ukirudi, pistoni imelika. Ikiendelea kuwa kimya, kagua slaidi yenyewe. Angalia pia kipande cha koki (kizibo laini) kwenye kitundu cha kutolea mate. Ni kidogo, lakini kikichakaa tarumbeta zima huonekana bovu.

Kipulizio kimenasa. Nimejaribu koleo, kimeanza kukwaruzika. – Mpiga tromboni, Kisumu

Weka koleo chini. Ukizungusha kwa nguvu, bomba linajikunja au lehemu inaachia, na hasara inakuwa kubwa kuliko kipulizio chenyewe. Tia tone la mafuta ya kulegeza kutu kwenye maungio, acha usiku kucha, kisha gonga taratibu kuzunguka kiungo kwa kijiti cha mbao huku ukivuta moja kwa moja. Kikikataa, tafuta fundi mwenye kivutio cha skrubu, kile kinachosukuma pande zote mbili kwa usawa.

Naifanya kazi ya matarumbeta ya harusi hapa Dar. Nilisugua kwa limau na chumvi likang'aa, sasa kuna madoa ya waridi. Ni nini? – Mpigaji

Shaba hii ya njano ni mchanganyiko, kwa kawaida asilimia 70 shaba nyekundu na asilimia 30 zinki. Asidi huondoa zinki kwanza, na ile waridi unayoiona ni shaba nyekundu iliyobaki. Ikiwa ni rangi ya juu tu iliyoletwa na limau, kung'arisha kidogo huitoa. Lakini kama ni doa la duara lenye kitovu cheusi, hasa kwenye bomba la kwanza, ubovu umetoka ndani kwa sababu ya pumzi na mate. Huo hausuguliwi. Bomba litatoboka, na dawa ni kulibadilisha.

Nataka kutoa vanishi ya zamani nipulize mpya. Nipo Mombasa. – Mwalimu wa muziki

Mwalimu, fikiri mara mbili. Faneli ya tarumbeta, ule mdomo mpana wa mbele, ina unene wa takriban nusu milimita, na kila ukikaza mashine ya kung'arisha unapunguza shaba na kufuta maandishi ya kiwanda. Kama vanishi imebanduka sehemu tu, iache ilivyo.

Ukiamua, kwanza nyoosha palipobonyea na ulehemu palipoachia, kwa maana moto wa kulehemu ungeiunguza vanishi mpya. Halafu paka dawa ya kutoa rangi ya aina ya jeli, ukiwa nje na glovu mkononi, na pistoni zikiwa mbali. Ng'arisha kidogo kwa mkono, futa mafuta yote kwa spiriti, na kuanzia hapo usiguse kwa vidole vitupu: alama ya kidole hubaki chini ya vanishi na kugeuka kahawia. Ziba midomo ya silinda na slaidi kwa tepu. Puliza tabaka mbili au tatu nyembamba, si moja nene inayochuruzika.

Hapo Mombasa unyevu ndio utakaokusumbua. Hewa ikiwa nzito, vanishi inayokauka upesi huvuta maji na kuwa nyeupe kama ukungu. Subiri siku kavu, fanya kazi mchana, na usipulize mvua inapokaribia.