Nina digrii ya ustawi wa jamii, nataka sheria, mjomba hataki

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 27, ni afisa ustawi wa jamii hapa Newala. Nataka kusoma uzamili wa sheria. Mjomba aliyenisomesha kwa korosho zake anasema nikihama fani nimemtupia fedha zake. Nifanyeje?
Njia Panda

Marahaba, mwanangu. Barua yako ni ndefu, hapo juu nimeifupisha, ila kisa cha yule mama wa watoto watatu kimenikaa. Ulimwandikia taarifa, ukaiwasilisha mahakama ya watoto, hakimu akaamuru baba atoe matunzo. Baba akapokea malipo ya korosho, akavuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Mama anakupigia simu kila wiki na huna cha kumwambia. Naona hamu yako ya sheria imeanzia hapo, na ni hamu ya haki kabisa.

Ila tusidanganyane. Uzamili wa sheria vyuo vyetu kwa kawaida humtaka mwenye shahada ya kwanza ya sheria. Wewe huna. Ukitaka uwakili, unaanza upya: shahada ya sheria, miaka mitatu au minne, kisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, Dar es Salaam. Ni mwendo mrefu kwa mshahara wa halmashauri, lakini Chuo Kikuu Huria kinafundisha sheria na kina kituo Mtwara, kwa hiyo unaweza kusoma bila kuacha kazi. Mimi ningekushauri njia hiyo. Kama shida yako ni kupanda cheo tu, achana na sheria, kamuone afisa utumishi akuonyeshe muundo wa kada yako unataka elimu gani.

Sasa mjomba. Kwetu kusini huyo si mtu wa kumaliza naye mambo kwenye simu. Nenda na mama yako, minada ya korosho ikiisha, mjomba akiwa ametulia. Mwambie mapema kwamba ada ya safari hii utalipa mwenyewe, maana nahisi ndiyo hofu yake. Halafu msimulie kesi ya yule mama mwanzo hadi mwisho, umuulize yeye angemfanyaje baba aliyevuka mto. Wajomba wameamua mashauri ya watoto wa dada zao tangu hujazaliwa. Atakuwa na la kusema, na mkishazama humo, habari ya chuo utaileta bila kugombana.