Kiuno kuuma unaponyanyua chuma

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini kiuno hukuuma kila unaponyanyua chuma kutoka sakafuni, na iwapo ugali na maharage vyatosha kujenga misuli. Punguza uzito wa chuma kwanza, hata kama wenzako wanakutazama. Kisha usimame chuma kikiwa karibu kabisa na miundi yako, uvute pumzi na kukaza tumbo, uunyooshe mgongo, na uisukume sakafu kwa miguu badala ya kuvuta kwa kiuno. Maumivu yakishuka hadi mguuni, acha mazoezi hayo na umwone daktari.

Kuhusu chakula, mnyanyuaji wa kilo 70 hulenga takriban gramu 112 za protini kwa siku, yaani gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Maharage yaongezee dagaa, mayai na maziwa, na ugali usiuache.